Ushahidi wa Kipriani, Mtani Wetu

Kwa karibu miaka arobaini Kipriani alishiriki kuwazika watu wetu, na sidhani kama katika muda huo wote kuna aliyewahi kumsikia akitamka neno la huzuni msibani. Alikuwa Mngoni. Sisi ni Wamwera, na kati ya makabila haya mawili upo utani ulioachwa na vita vya mababu, ambao walipochoka kuuana waliafikiana kutukanana. Mtani haji msibani kulia. Huja kuteka maji, kupasua kuni, kuchimba kaburi na kutukana. Huvaa koti la marehemu akaigiza mwendo wake. Huketi ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka aahidiwe kuku. Husema marehemu hajafa, kajificha tu asiendelee kumlisha mkewe. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ni kazi, nayo Kipriani aliifanya vizuri kuliko Mngoni mwingine yeyote kati ya Nachingwea na Nanganga.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa baiskeli. Baba yake alitoka Songea enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, akiwa na mke na mtoto mchanga, na mradi ulipokufa hakurudi kwao. Mtoto huyo, ambaye ndiye Kipriani, alijifunza ufundi sokoni Nachingwea kwa kuwatazama wengine, kisha miaka ya themanini akahamia njia panda ya Nanganga, ambako malori husimama na watu hushuka na mizigo yao. Alikuwa na kibanda cha nyasi, karai la maji la kutafutia pancha, kopo la gundi, na rundo la matairi chakavu aliyoyakata akatengeneza katambuga. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi hata siku ya Pasaka. Alifiwa na mke mapema, akamlea peke yake binti yake, Domitila. Hayo ndiyo niliyoyajua. Ilipofika siku ya kuamua kama asemayo ni kweli, niligundua kwamba kilichobaki katika ujuzi wangu juu ya mtu huyu kilikuwa mizaha yake.

Dada yangu Klementina alikuwa na watoto wawili, Letisia na Edwin. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ya mwisho juu yake ni mjomba, si baba. Kwa kuwa kaka zangu walikwisha kufariki, mjomba nilikuwa mimi. Edwin alimaliza darasa la saba mwaka 1996, asichaguliwe kuendelea. Nilikuwa na shahada yangu ya chuo kikuu, nikifundisha historia Lindi mjini, na kila nilipokwenda nyumbani Mkotokuyana aliniomba nimchukue, nikamtafutie shule ya kulipia au fundi wa kumfunza kazi. Nilimpenda. Nilimnunulia baiskeli. Lakini kuhusu kumchukua nilimjibu kila mara kwamba mwakani, mambo yakikaa sawa. Mvua za 1997 alipanda mikorosho kumi na minane ya kwake pembeni mwa shamba la mama yake, nami nikajiambia kwamba huyu sasa ametulia.

Jumatatu ya tarehe 12 Januari 1998, katika zile mvua za Elinino zilizovunja madaraja, Edwin aliondoka kwa baiskeli kwenda Narung'ombe kumsalimia shangazi yake na kurudi na mbegu za mbaazi. Alikuwa na miaka kumi na sita. Hakufika. Jumatano watu wa huko waliiona baiskeli imeegemezwa kwenye mti, kando ya kijito ambacho kwa miezi minane ya mwaka huwa mchanga mtupu, na wiki ile kilikuwa kinabeba magogo. Walitafuta, hawakupata mwili wala nguo. Wazee wakakata shauri kwamba maji yamemchukua, na Jumamosi tukaweka matanga bila maiti. Nami nilifika siku hiyohiyo, baada ya kushuka garini mara mbili na kutembea, kwa kuwa barabara ilikuwa imekatika.

Kipriani alikuja Jumatatu iliyofuata, suruali ameikunja hadi magotini, matope yamempanda hadi kiunoni. Mtani akiingia, kilio hupungua chenyewe. Watu hujiweka tayari. Alisimama katikati ya uwanja, akatuzungushia macho, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

"Nyie Wamwera mna machozi mengi kuliko akili. Mnamlilia nani? Huyo kijana nimemwona Alhamisi Nanganga, kakaa juu ya magunia ya korosho, anatafuna mhogo. Kasema kachoka na mjomba wake, kila akimwomba kitu anaambiwa mwakani. Basi na yeye atarudi mwakani."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Binamu yetu Felisian akamjibu kwamba Mngoni haoni watu, huona mihogo, na anayeishika ni bahati yake kuonekana. Nami nilicheka. Nilicheka hadi nikashika mbavu, kwa sababu lile la mwakani lilinigusa mahali pabaya, na utani una fadhila hiyo: hukuchoma, kisha hukuruhusu ucheke. Klementina peke yake hakucheka. Aliinua kichwa kilichofunikwa kanga, akamtazama Kipriani kwa muda, kisha wanawake waliomzunguka wakamlaza tena. Kipriani alipewa kuku wake. Alipasua kuni hadi jioni, akaondoka.

Kesho yake nilikwenda kutoa maelezo polisi. Askari aliyeniandika alikuwa mtu makini, asiye na haraka. Aliniuliza kama yupo yeyote aliyemwona Edwin baada ya Jumatatu ile aliyoondoka. Nikajibu kwamba hayupo. Sikukusudia kudanganya. Haikunipitia hata akilini kwamba maneno ya mtani yanaweza kuwa jibu la swali la askari. Akanisomea maelezo yangu, nikasaini.

*

Matanga yakiisha kuwekwa, sharti yaje yaanuliwe. Siku hiyo wafiwa hunyoa, misa husomwa, na mali ya marehemu hugawanywa na ukoo. Klementina alikataa. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba hajaona cha kuanulia. Baiskeli iliporudishwa na polisi aliitundika kwenye boriti za sebuleni. Mikorosho ilipoanza kuzaa, alikuwa akifagia chini yake kila mwisho wa kiangazi, kama tufanyavyo wote ili korosho zikidondoka zionekane, lakini zikidondoka hakuziokota, wala hakumruhusu mtu kuokota. Miti ya aliyekufa hugawanywa. Miti ya aliye safarini humngoja mwenyewe. Kwa kufagia na kutookota, dada yangu alikuwa akisema jambo moja kila mwaka mbele ya kijiji kizima.

Mwaka 2007 ukoo ulichoka. Klementina alikuwa amepita miaka hamsini na mitano, presha ilikuwa ikimwangusha, na Felisian alisema kikaoni, bila ubaya, kwamba mama huyu akifa kabla hatujamwanulia mwanawe, tutabaki na misiba miwili isiyo na mwisho. Walinitazama. Wakati huo nilikuwa nimehamia kufundisha Nachingwea, na sikuwa na kisingizio cha umbali. Nilizungumza na dada kwa siku tatu. Siku ya nne alisema, "Kama wewe mjomba wake unasema amekufa, basi." Nikapanga Jumamosi ya tarehe 25 Agosti. Padri akakubali kuja kusoma misa. Felisian akaanza kutafuta mbuzi.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo Domitila alinifuata shuleni. Alisimama mlangoni mwa ofisi ya walimu, ameshika mkoba wa plastiki, akasema baba yake ametoka hospitali na kwamba hawatamrudisha tena huko. Alikuwa ametumwa aniite.

"Anasema uje peke yako, mwalimu. Na usije kama Mmwera."

Nilimkuta kwenye mkeka, amekonda hadi mikono yake ilionekana mikubwa kama ya mtu mwingine. Kifua kilikuwa kinamlia. Aliniambia nikalie sanduku lake la spana.

"Leo sina utani," alisema. "Ukiona natania, ondoka, urudi kesho."

Ninayatoa maelezo yake kama nilivyoyaandika jioni ileile. Alhamisi ile ya 1998 mvua ilikuwa imepungua. Edwin alifika kibandani asubuhi, miguu mitupu, akaomba katambuga. Hakuwa na kitu cha kutoa isipokuwa kengele ya baiskeli aliyokuwa nayo mfukoni. Alisema baiskeli ameiacha mahali itakapoonekana, kwa kuwa ni mali ya nyumbani, na kwamba Narung'ombe hakuwa na nia ya kufika. Palikuwa na lori la korosho lililokwama kwa siku kadhaa, dereva akitafuta vijana wa kulisukuma. Kipriani ndiye aliyemwombea nafasi kwa dereva. Walilinasua kwenye tope, Edwin akapanda juu ya magunia, Kipriani akampa mhogo wa kuchemsha, na lori likashika njia ya Masasi.

Nilimuuliza kama lile la mwakani alilisema Edwin au alilitunga yeye.

"Kila mwenye mjomba msomi huambiwa mwakani," alijibu, akatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka. "Alilisema yeye."

"Kwa nini hukuniita pembeni, Kipriani?"

"Nilitembea siku mbili kwenye matope nije niwaambie. Nilipoingia uwanjani mkanitazama kama mnavyonitazama siku zote. Mdomo ukaenda wenyewe. Nilisema yote, Mmwera, sikuacha kitu. Mlicheka. Wewe ulicheka kuliko wote."

Na baada ya pale? Alifumba macho akaeleza polepole. Mwaka wa kwanza alingoja kijana aandike barua. Wa pili aliona kwamba akija sasa ataulizwa alikuwa wapi, yeye aliyempandisha mtoto wa watu kwenye lori kwa mkono wake. Wa tatu alikuwa amekwisha kuwa mtu mwenye kitu cha kuficha, na tangu hapo, alisema, kila alipokuja kutuzikia alitania kwa nguvu zaidi ili tusimwangalie usoni.

Nikaomba kuiona kengele. Domitila alileta kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa kengele kuukuu, labda kumi, labda zaidi. Kipriani aliingiza mkono akatoa moja, akaigeuza, akairudisha. Akatoa nyingine. "Hii," alisema, akaniwekea kiganjani.

*

Nimewafundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini namna ya kupima masimulizi. Huwaambia wajiulize msimulizi alikuwa wapi, ana faida gani, na amechelewa kiasi gani kusema. Usiku na mchana wa wiki ile niliyageuza maswali hayo na hayakunisaidia.

Faida hakuwa nayo. Mtu anayekufa hatafuti kuku. Lakini mtu anayekufa hutafuta kitu kingine, na huenda alikuwa amesikia kwa Domitila habari za siku tuliyoipanga, akaona atuachie zawadi ya mwisho, kijana aliye hai. Nanganga haiko njia ya Narung'ombe. Ila mtu asiyekwenda Narung'ombe anaweza kuwa popote, na kati ya Jumatatu na Alhamisi kijana mwenye miguu mizuri hufika mbali. Barabara ya Lindi ilikuwa imekatika, hilo nalijua kwa miguu yangu mwenyewe, lakini lori lilishika njia ya Masasi, ambayo sikuipita. Maelezo yake ya 2007 yalifanana na ya 1998 kwa kila alichokisema uwanjani, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Ni dalili ya ukweli, au ni dalili ya mzaha uliorudiwa kichwani kwa miaka tisa hadi ukaota mizizi? Sina shaka kwamba aliamini anachosema. Nina shaka kama kuamini kwake kulianza Alhamisi ile kibandani au baadaye, pole kwa pole, katika upweke wake.

Lilibaki neno mwakani. Nyumbani kila mtu alijua kwamba nilikuwa nikimwambia hivyo Edwin, na Kipriani aliingia majumba yetu yote, kwa hiyo angeweza kulisikia kokote. Lakini sikuweza kulipima neno hilo kama mtu asiyehusika. Kama Edwin alizama, aliuawa na maji. Kama alipanda lori, alinikimbia mimi. Nilipojikuta nikitafuta kasoro katika ushahidi wa Kipriani, sikujua kama ni mwanahistoria anayetafuta au ni mjomba anayejitetea. Na nilipojikuta natamani kuuamini, niliona kwamba hapo pia nina langu, kwa sababu mwenye kumkimbiza mtoto ana nafuu kuliko mwenye kumzika.

Niliipeleka kengele Mkotokuyana, nikamweleza dada yote bila kupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Hakulia. Alimwita Letisia, tukaishusha baiskeli kutoka kwenye boriti. Usukani ulikuwa umeshika kutu kiasi kwamba hapakuonekana alama ya kitu chochote kilichowahi kufungwa. Klementina alisema kengele ilikuwepo. Edwin aliipiga mara mbili alipokuwa anakata kona ya shamba, na mlio huo anao masikioni hadi leo. Letisia, ambaye alikuwa na miaka kumi na tatu wakati ule, alisema kwa upole kwamba baiskeli ile haijawahi kuwa na kengele, ndiyo maana kaka yake alikuwa akipiga mluzi kuwaondoa watu njiani. Wote wawili wakanigeukia. Mimi ndiye niliyeinunua dukani Lindi, nikaijaribu barabarani, nikaipandisha kwenye basi kwa mikono yangu.

Sikukumbuka. Hadi leo sikumbuki.

Nilikwenda tena polisi. Ofisa aliyenipokea alinisikiliza na kuandika, akaniuliza namba ya lori, jina la dereva, tajiri mwenye korosho. Kisha akauliza kwa nini katika maelezo ya kwanza tulisema hakuna aliyemwona. Nikajaribu kumweleza. Alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mwenye adabu. Aliandika neno "utani" kwenye karatasi yake, akalitazama, akakiri kwamba hajui aliweke wapi. Aliahidi kuuliza Masasi. Naamini aliuliza.

*

Klementina alitaka kusikia mwenyewe. Alhamisi ya tarehe 16 tulipanda basi la asubuhi hadi Nanganga, yeye amekaa dirishani na kengele ameifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima alinieleza bei ya ufuta.

Kipriani alipomwona mlangoni alijaribu kujiinua. "Domitila," aliita, na sauti yake ikapata nguvu ghafla, "ficha kuku, Wamwera wameingia."

"Kuku zako zina kifua kama wewe," dada alisema. "Nani atazila?"

Kipriani akacheka, kikohozi kikamshika, Domitila akamshikilia hadi kikapita. Dada alikaa chini karibu na mkeka. Alingoja pumzi yake itulie.

"Sasa tuache utani, Mngoni. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuuliza habari zangu? Alisema lolote, uniambie?"

Nilijua jibu ambalo mtu mwema angelitoa. Nilimwona Kipriani naye akilijua. Alishusha macho kwenye ile mikono yake mikubwa. Kama alikuwa ametunga yote hadi hapo, hapakuwa na kizuizi cha kutunga neno moja zaidi. Salamu tu zingetosha. Nisalimie mama.

"Hapana," alisema. "Hakusema neno juu yako, Mama Edwin. Alisema habari za mjomba wake, akaomba chumvi ya mhogo."

Dada aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu anayesomewa orodha anayoijua. Akamuuliza Domitila kama wana kuni za kutosha. Hakuuliza kitu kingine, na hatukukaa sana.

Kwenye basi la kurudi nilimweleza nilichokiona: kwamba jibu lile kali lilinifanya nimwamini kuliko yote aliyoyasema. Sekunde chache baadaye nikamweleza pia kwamba fundi hodari wa maneno angeweza kulijua hilo. Nilikuwa nikiongea kama niko mbele ya darasa. Dada alinisikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulisomea haya," alisema. "Mimi nangoja uniambie."

Kipriani alifariki Jumapili, siku sita kabla ya Jumamosi yetu. Tulimzika Jumatatu, Nanganga, na kwa kuwa yeye alikuwa Mngoni, watani wa msiba ule tulikuwa sisi. Sijawahi kuwa hodari wa kazi hiyo, lakini Felisian aliifanya ipasavyo. Alivaa koti la marehemu lenye grisi, akachukua lile karai, akalimwagia jeneza maji kidogo na kutega sikio, akitafuta pancha. Akatangaza kwamba upepo unatokea mdomoni, kama tulivyotarajia. Wangoni walicheka, Domitila akicheka pamoja nao, uso umelowa. Vijana wetu wawili walikuwa wameketi ndani ya kaburi wakidai jogoo.

Ndipo Klementina akasogea. Kwa miaka tisa alikuwa akienda misibani na kukaa nyuma, hatanii wala hachekeshwi, na watu walimpisha njia kwa mshangao. Alisimama ukingoni mwa kaburi. Vijana wakatoka wenyewe.

"Mnazika sanduku tupu," alisema, kwa sauti ileile ya mtani, kubwa, ya uwanjani. "Huyu Mngoni hajafa. Nimemwona leo asubuhi njia panda, kakaa juu ya magunia ya korosho. Kasema anakwenda kumrudisha mwanangu, maana alimpakia bila kuniuliza."

Watu wakacheka sana. Ulikuwa utani mzuri. Ulikuwa na jina la marehemu, na kosa lake, na adhabu. Wangoni wote walipiga makofi. Nilimtazama usoni dada yangu niliyezaliwa naye tumbo moja, nikatafuta pale mahali ambapo mzaha unaishia na neno lenyewe linaanzia, na sikupaona. Jeneza liliposhushwa alifungua pindo la kanga, akaitupa kengele juu yake. Ilianguka kwa ubavu, haikulia. Ilikuwa ndiyo kitu pekee tulichokuwa nacho mkononi katika habari nzima ya Edwin, na nilikuwa karibu kiasi cha kuweza kumshika mkono. Sikumshika. Udongo ukafuata.

Tulipokuwa tunangoja basi nilimuuliza tufanyeje siku ya Jumamosi. Mbuzi amekwisha kununuliwa, padri anakuja. Alikuwa anafuta udongo miguuni kwa jani.

"Mjomba wake ni wewe," alisema.

Nilitaka kusema kwamba amekufa, tumalize. Nilitaka vilevile kusema kwamba yu hai, tusimwanulie tanga mtu aliye hai. Kila moja lilikuwa na sababu zake, na ningeweza kuzipanga vizuri. Nikamwambia kwamba mambo hayajakaa sawa, tuahirishe kidogo, tufanye mwakani. Neno lilikwisha kutoka ndipo nilipolisikia. Yeye nadhani alilisikia kabla yangu, maana mkono wake wenye jani ulisimama, kisha ukaendelea kufuta.

Mwisho wa Septemba nilikwenda Mkotokuyana kumsaidia kufagia. Tulianza asubuhi na mapema, yeye upande huu, mimi upande ule, miti kumi na minane. Mwaka huo ilikuwa imechanua vizuri. Korosho zilipoanza kudondoka, nilikuwa nikipita pale kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilizikuta nyingi zaidi juu ya ule udongo safi.